Ukoo wa Samaki Aliyenichoma

Mteja akinyoosha mkono kupokea kitenge, macho yake huangukia mkono wangu wa kulia, kisha huyapandisha haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta mna mtu ndani. Wenye adabu hunyamaza. Wasio na adabu, na hao ndio ninaowapenda zaidi, huuliza: "Mama, ni mashine? Ni ajali?" Nawajibu kwamba ni samaki. Wanacheka, nami nacheka nao, maana Bujumbura hii nani asiyejua samaki? Mukeke, ndagala, sangala, kuhe. Nani amewahi kupoteza kidole kwa kuhe?

Lakini ni samaki kweli, ila si wa ziwa letu. Ni wa bahari, na bahari iko mbali nasi, hata basi la abiria hulala njiani. Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye sukari kama mimi, ambaye kila asubuhi anafunguliwa bandeji na kukuta nyama bado inakataa kufunga, na nyumbani watu wameshaanza kutafutana nani mwenye kosa. Ajue kwamba mwenzake alipita hapo. Naandika pia kwa sababu nawakumbuka watu wa siku zile, hasa Shangazi Zuwena, Mungu amrehemu. Sioni aibu kusema kwamba nazikumbuka hata zile wiki za hospitali kwa hamu. Utasema mwanamke huyu ana wazimu. Ngoja kwanza.

Marehemu baba alizaliwa hapa hapa mjini, akafungua duka hapa, akazikwa hapa. Babu ndiye aliyetoka Omani, akapitia pwani, akakaa huko kidogo kabla ya kuja bara. Baba hakuishi pwani hata mwaka mmoja, lakini aliililia kama mtu aliyefukuzwa huko jana. Mukeke wa ziwa alimla kwa heshima tu, kama unavyokula kwa jirani. Furaha yake ilikuwa kasha la samaki kutoka pwani. Nilipokuwa mdogo sana kasha lilikuja kwa treni mpaka Kigoma, kisha kwa meli mpaka bandarini kwetu, na ndani mlikuwa na papa mkavu na ng'onda, harufu inafika mtaa wa tatu. Baadaye barabara zikawa nzuri na barafu ikapatikana, likaanza kuja na samaki wabichi, kwa basi.

Kasha likifika, kulikuwa na mchezo. Sijauona katika nyumba nyingine yoyote. Baba aliitoboa barafu kidogo, akatufumba macho kwa mtandio wa mama, na kila mtoto alitumbukiza mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Ulimpapasa samaki bila kumtoa, ukamtaja jina. Ukipatia, huyo ni wako, utakula kichwa chake. Ukikosea, unaosha vyombo. Mikono ilikufa ganzi, tulicheka mpaka tukalia. Nami nilikuwa bingwa. Changu, pono, kolekole, nguru, niliwajua wote kwa mgongo na mkia, mtoto wa ziwa niliyekuwa sijaiona bahari.

Baba alipofariki mchezo ulibaki. Kaka yangu Nassor alihamia Dar es Salaam, na kila masika yakiisha alitutumia kasha. Mwamuzi akawa Shangazi Zuwena, dada yake baba. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye sauti ya kuuza samaki ingawa hakuuza kitu maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kujua watu. Ukimtajia mtu yeyote, hakuulizi anafanya kazi gani. Anauliza mama yake ni binti nani. Nasaba za Waarabu wa Bujumbura, Rumonge, Gitega mpaka Ujiji alikuwa nazo kichwani, nani kaoa kwa nani, nani kamnunia nani tangu msiba upi.

Siku niliyochomwa, mume wangu Idi hakuwepo. Alikwenda Gitega kwenye msiba wa rafiki yake, akalala huko. Idi alifundisha biolojia sekondari mpaka akastaafu, na mtaa mzima unamwita Profeseri. Sisi wanawake tulibaki na kasha uani, majirani wamejaa, maji yanachemka jikoni kwa ajili ya ugali.

"Funga macho, usitudanganye," Shangazi akasema. "We mutu mukubwa lakini nakujua."

Nikatumbukiza mkono. Wa kwanza changu, nikapatia. Wa pili pono, nikapatia, watu wakapiga vigelegele. Wa tatu alikuwa mnene, kichwa kikubwa kilichojaa kingo na vinundu, ngozi yake ina vipande vipande vinavyoning'inia. Kwa akili yangu yote nikasema ni chewa.

"Chewa!" nikapaza sauti. "Chewa mzee, hajanyoa ndevu!"

Na ili nionyeshe ubingwa wangu, nikambana mgongoni kwa nguvu.

Nimezaa watoto watatu. Nimetolewa jino bila ganzi wakati wa vita, dawa hazipatikani. Sijawahi kujua kwamba mwili una maumivu ya aina ile. Sikulia, nilibweka. Yalipanda kidoleni, yakaingia kwapani, yakashika kifua, nikajikuta nimelala uani na samaki amening'inia kwenye kidole cha shahada. Miiba ya mgongo wake ilikuwa imenichoma hicho na cha kati.

Shangazi hakusita. Hapo ndipo naomba msomaji anisikilize vizuri. Kwetu sisi watu wa huku, mtu akiumwa na nyoka au nge, dawa inayojulikana ni jiwe jeusi. Ni kipande cha mfupa uliochomwa. Watu walikipata zamani kwa masista wa misheni, nao wakarithishana. Unachanja jeraha kwa wembe litoke damu, unaliweka jiwe, linang'ang'ania, unasubiri mpaka lianguke lenyewe. Na juu ya jeraha unafunga kamba, sumu isipande. Shangazi alikuwa nalo jiwe lake kwenye pamba, mkebeni, Mwislamu safi na jiwe la masista. Alinichanja, akaniwekea. Akachana ukanda wa kanga, akanifunga vidole kwenye shina, akakaza kwa meno.

"Itapoa, mutoto wangu. Vumilia. Sumu iko inatoka."

Nilimwamini. Ningekuwa mzima ningefanya vilevile kwa mtu mwingine. Kamba ile ilikaa mpaka asubuhi.

Na samaki? Wageni walikuja kunipa pole, na wageni hawaachwi na njaa, na barafu ilikuwa inayeyuka. Shangazi alimpika yule yule aliyenichoma pamoja na wenzake, mchuzi wa nyanya na ndimu. Walisema alikuwa mtamu sana. Kichwa alikula yeye, kwa haki ya ukubwa.

Idi alirudi asubuhi akanikuta na homa, vidole viwili vimekuwa rangi ya zabibu. Akakata kamba kwa kisu, tukapanda teksi mpaka hospitali moja upande wa Kamenge. Daktari, kijana mwenye miwani, aliuliza kitu kimoja: "Samaki gani?" Mimi nikasema chewa. Idi akasema chewa hana sumu. Daktari akasema basi nileteeni huyo samaki.

Nasimulia sasa kama nilivyosimuliwa. Idi alirudi nyumbani mbio, akamkuta Shangazi anaosha vyombo.

"Samaki iko wapi?"

"Tulikula."

"Aliyemchoma mke wangu mmemla?"

"Sasa ningemutupa, Idi? Nimusamehe?"

Idi akaenda kwenye ndoo ya mabaki ya paka. Akachambua miiba na mifupa mpaka akapata kile kichwa, akakiosha, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. Kisha akakaa chini sakafuni. Miaka yote aliyofundisha, alikuwa akiwachorea watoto ubaoni mfupa mmoja: mfupa unaotoka chini ya jicho, unavuka shavu lote kama mkanda, unafika kwenye kifuniko cha matamvua. Ndiyo alama ya kundi kubwa la samaki wa bahari ambao Wafaransa wanawaita raskasi. Pwani kila kijiji kina jina lake. Nassor alinitajia matatu kwenye simu moja, kwa hiyo siliandiki hata moja. Idi hakuwahi kumwona raskasi zaidi ya mchoro wa kitabuni, na sasa alikuwa amemshika, amechemshwa, ana nyanya.

"Nilifurahi," aliniambia baadaye, kwa aibu. "Dakika moja nzima nilifurahi. Mungu anisamehe."

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake. "Tumekula sumu?" akauliza.

"Apana, Shangazi. Sumu ya hawa haiwezi moto. Ukipika, inakufa."

"Kwa hiyo hata mukononi mwake..."

"Maji ya moto. Yale mutu anaweza kuvumilia, asiungue. Angetia mkono humo mapema, angepata nafuu, kisha hospitali."

Shangazi akageuka akatazama jiko. Idi anasema hakumwona tena akiwa na rangi ile usoni. Sufuria ya ugali ilikuwa inatokota pale pale wakati ananifunga kamba.

Daktari alipoliona lile fuvu kwenye bakuli, na Idi akimweleza, alikubali. Akatazama vidole vyangu tena, akamtazama Shangazi aliyekwisha kufika na kapu la chakula, akasema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili kila mtu asikie: "Sumu ya samaki ingepita. Kinachoua vidole hivi ni kamba, na uchafu wa kuchanja, na sukari." Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nililisikia neno moja tu, kamba, na nikageuza uso ukutani.

Wagonjwa wenzangu wataelewa. Ukiambiwa kwamba unaweza kupoteza mkono, unatafuta wa kumchukia. Mungu huwezi, samaki ameshaliwa. Nilimchukia Shangazi.

Na mkono wenyewe ulikuwa wa kulia! Daktari alisema wazi: huenda ni kidole, huenda ni vidole viwili, uchafu ukipanda huenda ni kiganja chote. Tungoje, nyama yenyewe itaonyesha mpaka wake. Usiku na mchana nikawaza jambo dogo ambalo mtu wa kijiko na uma hataliona kubwa: nitakulaje? Sisi tunakula sinia moja, mkono wa kulia, bega kwa bega. Nikae na watu nipeleke mkono wa kushoto kwenye wali? Bora ninyimwe. Na kidole kilichokuwa cheusi zaidi kilikuwa cha shahada, kile tunachokinyoosha katika sala.

Hospitali za kwetu mgonjwa lazima awe na mtu wake, wa kumfulia, kumpikia, kumgeuza. Tunamwita garidimaladi. Shangazi hakumwuliza mtu. Alitandika mkeka wake chini ya kitanda changu, kama mwenye nyumba. Idi akaja na kijiko, akajaribu kunilisha. Profeseri hajui kulisha mtu, supu ikaishia shingoni. Binti zangu wana kazi na watoto. Siku ya pili yake mkono wangu wa kushoto ulitiwa serumu, yaani dripu, nikawa sina mkono hata mmoja, na njaa haina heshima.

Shangazi akanawa. Akafinya tonge la ugali, akalichovya kwenye mchuzi wa ndagala, akalileta mdomoni kwangu. Sikumtazama. Nikafungua mdomo nimefumba macho. Akanilisha mpaka sahani ikaisha. Ikawa hivyo kila siku, mchana na jioni. Sikumwambia asante. Mungu na malaika wake wanajua kwamba nilikuwa nahesabia tonge lile kama deni lake.

Kila asubuhi ilikuwa pansema, kubadilishwa bandeji. Tuliketi kwenye benchi refu la korido, kila mtu ameshika kiungo chake kama mzigo wa sokoni. Kulikuwa na mwashi aliyeangukiwa na tofali, mwanafunzi aliyeanguka na pikipiki, bibi mwenye kidonda mguuni. Muuguzi wetu alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Musaga, Mkristo mwenye nyimbo za kanisa midomoni mwake tangu asubuhi. Wengine huchomoa bandeji kavu, inatoka na roho. Yeye aliilowesha kwanza, akasubiri, akaniambia "Komera, mama, komera," yaani jikaze, akaimba ubeti mmoja, na ubeti ukiisha bandeji imeshatoka. Kama uko huko sasa, mwombe muuguzi wako ailoweshe. Haki yako.

Na ni benchi hilo ninalolikumbuka kwa hamu. Masika yalikuwa yamekwisha, vumbi la kiangazi limeanza, milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa imeshapotea kwenye ukungu. Idi alikaa upande huu wangu, Shangazi upande ule, na mimi katikati, ukuta wenye masikio. Hawakuwa wakizungumza. Asubuhi moja Shangazi, aliyeshindwa zaidi kukaa kimya kuliko kukaa na njaa, akaninamia kifuani ili amfikie Idi.

"Idi. Hii samaki. Baba yake nani?"

Idi akadhani anamtania. Kisha akaona hapana, mama huyu anataka kujua adui yake ni mtoto wa nani.

"Ukoo wao ni mmoja, Shangazi, na mukubwa sana. Alama yao ni ule mufupa wa shavuni. Wote wanao."

"Kama pua yetu."

"Kama pua yenu. Halafu ndani ya ukoo kuna milango."

"Bila shaka. Nani hana milango? Taja."

Akataja. Mlango mmoja ni wa wale wanaoitwa simba: mapezi mapana kama kanga iliyoanikwa, mistari myekundu na myeupe, hutembea peupe bila kumwogopa mtu. Shangazi akasema hao ni wenye kujivuna, kila ukoo unao. Mlango wa pili ndio wa mgeni wetu: hukaa juu ya mwamba, rangi yake ni ya mwamba, vipande vya ngozi vimemwota kama majani ya baharini, unaweza kumtazama usimwone. Wengine wadogo, wembamba kama jani, huyumba na maji ili wadhaniwe ni jani kweli. Wengine huvua ngozi yao ya juu ikichakaa, wakatoka wapya. Mlango wa tatu ni wa wale wanaoitwa mawe. Hao hawana magamba, wana vinundu mwili mzima, hujifukia mchangani wakabakiza macho na mdomo unaotazama mbinguni, na sumu yao ndiyo kali kuliko ya ndugu zao wote.

"Lakini wataalamu wanagombana," Idi akasema. "Wengine wanasema mawe ni ukoo mbali. Wengine wanawarudisha humu."

"Ukisikia hivyo, ujue kulikuwa na harusi, mutu hakualikwa," Shangazi akasema, na mwashi wa tofali akacheka mpaka akashika mbavu.

Tangu siku hiyo benchi likawa darasa. Shangazi alijua milango yote kuliko wanafunzi waliomtoa Idi mvi. Alitaka kujua wanakula nini. Idi akamwambia hawafukuzi kitu. Wanalala, wanangoja, kitoweo kikipita mdomo unafunguka, kinaingia na maji yake. Basi sumu ni ya nini? Ni ya kujilinda tu. Kila mwiba wa mgongo una mfereji kila upande, sumu imelala humo, imefunikwa na ngozi. Ukiukandamiza mwiba, ngozi inarudi nyuma, sumu inapanda kwako.

"Na akifa?"

"Akifa, sumu haijui kama amekufa. Inakaa."

"Basi si mubaya," Shangazi akasema. "Alikuwa kwao, amelala. Ni sisi tulimushika."

Nilitaka kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba samaki hakunifunga kamba. Muuguzi akaniita.

Mwili wangu ulibadilika mpaka nikawa mgeni kwangu. Pete zilikatwa kwa koleo. Mkono ulivimba kama mkate, kisha ukakonda, mfupa wa bega ukatokeza, magauni yakaning'inia. Na harufu, mwenzangu. Hakuna anayekuambia kuhusu harufu. Udi hauifukuzi. Wageni hukaa karibu na dirisha na kusema kuna joto. Shangazi peke yake ndiye aliyekula chakula chake amekaa kitandani kwangu, kana kwamba niko kwenye manukato.

Kiangazi kilipofika katikati, nyama ilionyesha mpaka wake. Daktari alisema kiganja kitapona. Cha kati kitabaki, kikavu kidogo. Cha shahada kiondoke, kesho, na baadaye watachukua ngozi ya paja kuziba mgongo wa mkono. Idi alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nimechoka kungoja.

Asubuhi ya kupasuliwa, Shangazi alikuja na birika, akanitia udhu kama mtoto. Alipofika mkono wenye bandeji akapangusa hewa juu yake. Hasira yangu ikataka kulainika, nikasema, kwa sauti kavu, kumaliza tu maneno:

"Basi Shangazi. Ni samaki."

"Apana," akasema. "Samaki alifanya kazi yake. Kamba nilifunga mi. Kwa meno yangu. Usinipe uongo, mutoto wangu, nimezeeka, nitakufa nao."

Hakuomba msamaha. Alikuwa mtu asiyejua maneno hayo yanaanziaje. Alisema tu ilivyo, akachukua birika, akatoka. Nami nikasukumwa kwenda chumba cha upasuaji nikiwa sina tena mtu wa kumchukia.

Nilipoamka mkono ulikuwa mwepesi. Kwa wiki nzima kidole kisichokuwepo kiliniwasha. Nilipoanza tena kusali nikiwa nimekaa, nilifika kwenye tahiyatu na kile cha kunyoosha hakipo. Nikamwuliza Shangazi. Akafikiri, akasema: "Mungu anajua kilipo. We nyoosha nia." Nikacheka kwa mara ya kwanza. Ngozi ya paja nayo ilishika vizuri, ndiyo maana namwambia Idi kwamba siku hizi wanaume wakinipa mkono wanashika paja langu na hawajui. Anakasirika sana.

Kisha yakaja mazoezi. Mkono ulikuwa mgumu kama ubao, na walinipa mpira laini wa kufinya. Niliutupa. Shangazi akaleta donge la unga wa chapati, akasema finya hili, angalau tutalila. Tulikula chapati mbaya sana wiki zile, zenye alama za vidole vinne. Hiyo pia nawaambia wenye mikono migumu: unga ni bora kuliko mpira.

Niliporudi nyumbani mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, hewa imeoshwa, na ukipanda juu kidogo unaiona tena milima ya Kongo. Ijumaa ile wakapika wali, wakaandaa sinia moja kubwa ukumbini, familia yote. Idi kulia kwangu, binti zangu mbele, Shangazi kushoto. Kuna mtu alikuwa ameweka kijiko upande wangu. Nikakisukuma.

Nikanawa. Nikapeleka mkono wangu kwenye wali, na watu wote ghafla wakaanza kuzungumza habari za bei ya sukari. Tonge la kwanza likamwagika lote kabla halijafika kidevuni. La pili likabaki punje tatu. Nikajifunza kuweka kidole gumba hivi, na cha kati kile kikavu kiwe ukuta. La tano likafika. Wali, mchuzi, chumvi, mdomoni mwangu, kwa mkono wangu wa kulia. Nililia mbele ya watoto, kamasi na yote.

Shangazi hakula. Alikuwa anaangalia vidole vyangu. Nilipomaliza, akajipangusa mikono yake kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu, akasema:

"Alhamdulillah. Basi mi nitarudi kwangu kesho. Nyumba imejaa vumbi."

"Shangazi."

"Naam."

"Nilishe."

Akanitazama. "Mukono unauma?"

"Hauumi."

"Umechoka?"

"Sijachoka. Nimeshiba hata."

"Sasa?"

"Nilishe tu, Shangazi."

Shangazi akanawa upya, polepole, akafinya tonge dogo, akalizungushia mchuzi pembeni, akalileta. Safari hii sikufumba macho.